Stoo Mbili Chini ya Paa Moja

Mteja ameweka soda tano mbele ya keshia wa supamaketi: tatu za machungwa, mbili za pasheni. Bei ni moja. Foleni imeshafika kwenye majokofu ya maziwa, na keshia haoni sababu ya kuzishika zote moja moja. Anachukua chupa moja ya machungwa, anaipitisha kwenye skana mara tano, mashine inalia mara tano, mteja analipa na kuondoka. Hela imetimia. Jioni, droo ikihesabiwa, hakuna atakayeuliza kitu.

Ila kompyuta ya duka sasa inaamini mambo mawili yasiyo ya kweli. Inaamini soda za machungwa zimepungua tano, ilhali zimepungua tatu. Inaamini za pasheni zipo zote, ilhali mbili zimeshapanda daladala. Kosa hili halina mwizi wala hasara ya shilingi, na kwa sababu hiyo hakuna wa kulitafuta. Litakaa humo hadi siku mtu atakaposimama mbele ya rafu na kuhesabu chupa.

Tumezoea kusema mali bila daftari hupotea bila habari. Miaka hamsini ya kompyuta stoo imeonyesha kwamba hata yenye daftari hupotea bila habari, tena daftari likiwa safi, lenye grafu za rangi. Mwaka 2008 watafiti Nicole DeHoratius na Ananth Raman walichapisha matokeo ya kukagua kumbukumbu karibu 370,000 za bidhaa katika maduka 37 ya kampuni moja kubwa ya rejareja. Walilinganisha namba iliyomo kwenye mfumo na kilichopo rafuni. Asilimia 65 ya kumbukumbu hizo hazikulingana na mali.

Namba hiyo inashtua mpaka ukumbuke jinsi programu ya stoo inavyofanya kazi. Kompyuta haioni rafu. Inachopokea ni matukio: kimeingia, kimetoka, kimehamishwa, kimerudishwa. Inajumlisha na kutoa, na haikosei kujumlisha. Lakini chupa ikidondoka na kupasuka nyuma ya ghala, hilo ni tukio ambalo hakuna aliyelibonyeza. Kwa hiyo kila ghala lenye kompyuta ni maghala mawili, moja la maboksi na moja la namba, na programu inaendesha la pili tu. Karibu kila kitu kilichobuniwa katika fani hii, kuanzia skana hadi roboti, ni jitihada ya kuyafanya maghala hayo mawili yasiachane.

Mistari mchangani

Jitihada ya kwanza ilichorwa ufukweni. Norman Joseph Woodland, kijana wa Kimarekani, alikuwa Miami akiwaza namna ya kuifanya mashine itambue bidhaa dukani. Utotoni, akiwa skauti, alijifunza alama za Morse, vile vidoto na vistari vya kupelekea simu za maandishi. Alichora vidoto na vistari mchangani, kisha akavivuta kwa vidole kuja chini, vikawa mistari myembamba na minene. Yeye na mwenzake Bernard Silver walipewa hataza mwaka 1952. Wakati huo hapakuwa na mwanga wa leza wa kuisoma mistari hiyo wala kompyuta ya bei nafuu ya kuielewa, na wazo likalala zaidi ya miaka 20. Tarehe 26 Juni 1974, katika supamaketi ya Marsh mjini Troy, jimbo la Ohio, pakiti ya chingamu za Juicy Fruit ikawa bidhaa ya kwanza kuuzwa kwa kusomwa msimbopau wa aina tunayoitumia leo.

Uzuri wa msimbopau hauko kwenye mistari yenyewe. Uko kwenye tarakimu ya mwisho kulia, ambayo haielezi bidhaa hata kidogo. Kazi yake ni kukagua zile 12 zilizotangulia. Tuseme ni 620123456789. Jumlisha zilizo katika nafasi ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea hivyo: 6, 0, 2, 4, 6 na 8, unapata 26. Zilizobaki ni 2, 1, 3, 5, 7 na 9, jumla 27. Zizidishe kwa 3, ni 81. Ukiweka pamoja ni 107. Ili kufika 110, makumi kamili yanayofuata, inatakiwa 3. Basi tarakimu ya 13 ni 3. Mtu akiandika namba hiyo kwa mkono na kukosea tarakimu yoyote moja, hesabu haitaangukia kwenye makumi kamili na mashine itaikataa. Akigeuza mbili zilizo jirani, mara nyingi itakataa pia. Kuna tundu dogo tu: jirani wakitofautiana kwa 5, kama 1 na 6 au 2 na 7, ukiwabadilishana nafasi jumla inabadilika kwa 10 kamili na mashine inapokea bila kushtuka.

Na kwa kuwa watu wengi huangalia hizo tarakimu tatu za mwanzo kutaka kujua bidhaa imetengenezwa wapi: hazisemi hivyo. 620 ni ya Tanzania na 616 ni ya Kenya, lakini zinaonyesha tu mahali kampuni ilikojisajili kupata namba. Biskuti za kampuni iliyosajiliwa Nairobi zinaweza kuokwa nchi nyingine kabisa na bado zikaanza na 616.

Msimbopau uliondoa makosa ya kuandika. Haukuondoa uvivu wa keshia mwenye foleni, na kuna jambo jingine ambalo ule wa kawaida haulijui: unataja aina ya bidhaa, hautaji chupa hii au ile, wala tarehe ya mwisho ya kutumika. Kwa sabuni si neno. Kwa maziwa na dawa ni jambo kubwa, kwa sababu kanuni ya stoo ya dawa ni kwamba kinachokaribia kuisha muda ndicho kitangulie kutoka, hata kama kiliingia jana. Ndiyo maana maboksi mengi ya dawa siku hizi yana mraba mdogo wa vidoto unaobeba pia namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda.

Mlango wa mapokezi

Ukitaka kuona mahali maghala mawili yanapoachana, usiende kwenye rafu, nenda mlangoni. Lori limefika saa 11 jioni, mawingu yamefunga, dereva anataka kugeuza kabla ya giza. Ankara inasema katoni 200. Mtunza stoo anatazama paleti: nane kwa mbele, tano kwa kina, tano kwenda juu, ni 200. Anasaini. Hakuna aliyeona kwamba katikati ya safu ya tatu katoni mbili hazikuwekwa, na zile za nje zimeficha uwazi huo. Mfumo umeandika 200. Kuanzia dakika hiyo ghala la namba lina katoni mbili ambazo la maboksi halikuwahi kuwa nazo, na siku itakapogundulika kwamba hazipo, zitaitwa zimeibwa.

Kosa jingine la mlangoni ni la vipimo, na hili ndilo linalovunja mifumo mingi mipya. Katoni ina vipande 24. Karani anaandika 10 akimaanisha katoni, programu inasoma vipande. Au kinyume chake, na duka dogo linajikuta lina dawa za meno za kutosha mkoa mzima. Programu nzuri huwa na jedwali la kubadilisha katoni kuwa dazeni na dazeni kuwa kipande, lakini jedwali hilo nalo mtu alilijaza, pengine Ijumaa jioni.

Kampuni ya Marekani iitwayo Target ililipia somo hili kwa bei isiyo ya kawaida. Ilifungua maduka Kanada mwaka 2013 ikiwa na programu mpya ya usimamizi wa bidhaa, na taarifa za makumi ya maelfu ya bidhaa ziliingizwa kwa haraka ili kuwahi tarehe. Inchi ziliandikwa mahali pa sentimita, upana mahali pa urefu, nambari za ushuru zikaachwa wazi. Ripoti za baadaye zilieleza kwamba takriban asilimia 30 tu ya taarifa hizo zilikuwa sahihi, wakati nyumbani Marekani kampuni ileile ilikuwa ikipata asilimia 98 au 99. Matokeo yalikuwa kichekesho kichungu: maghala yalijaa hadi magari yakakosa pa kushusha, na rafu za madukani zilikuwa tupu. Iliripotiwa pia kwamba baadhi ya wafanyakazi walizima uagizaji wa moja kwa moja kwa bidhaa zilizowasumbua, ili zisihesabike kama zimekosekana na takwimu zao zipendeze. Januari 2015 kampuni ilitangaza kufunga maduka yote 133. Programu ilikuwa imefanya kazi yake yote kama ilivyoagizwa.

Hesabu ya kuagiza

Hadi hapa nimeilaumu kompyuta, na si haki. Kuna kazi ambayo inaifanya vizuri kuliko mtunza stoo yeyote, nayo ni kuamua lini uagize na kiasi gani. Tuseme duka la jumla linauza wastani wa katoni 8 za sabuni kwa siku, na mzigo huchukua siku 5 kufika tangu uagize. Katika siku hizo 5 zitauzwa 40. Basi uagize zikibaki 40? Ukifanya hivyo, karibu nusu ya mizunguko utaishiwa, kwa sababu wastani maana yake ni kwamba kuna siku za 11 na siku za 5. Ikiwa mauzo hupanda na kushuka kwa kadiri ya katoni 3 kwa siku, hesabu za takwimu zinakutaka uongeze akiba ya katoni 11 hivi ili uwe salama katika mizunguko 95 kati ya 100. Agiza zikibaki 51.

Sasa ongeza ukweli ambao kila mfanyabiashara wetu anaujua: siku 5 za lori si siku 5. Kuna mizani, kuna gari kuharibika, kuna mpaka. Safari ikiweza kupishana kwa siku 2 hivi, akiba inayohitajika haitakuwa 11 tena. Inaruka hadi 29, na kiwango cha kuagizia kinakuwa 69. Wateja ni walewale, sabuni ni ileile. Kinachojaza stoo na kuifunga mitaji yetu ni kutojua lori litafika lini, kuliko kutojua mteja atanunua nini. Mtu akinunua programu ya mamilioni kutabiri mauzo ilhali hajaongea na msafirishaji wake, ameanzia upande usiofaa.

Hesabu hii yote inasimama juu ya namba moja, ile ya zilizopo. Turudi kwenye ile 51. Tuseme katoni zimekuwa zikipotea polepole, moja imelowa, mbili zimeibwa, nyingine imeuzwa kwa jina la bidhaa nyingine, na hakuna aliyeandika. Mfumo ukiamini zipo 51 wakati zipo 31, utaagiza kwa wakati unaodhani ni sahihi, na sabuni itakwisha siku ya nne huku lori likitegemewa ya tano. Siku moja ya rafu tupu, mtu anaweza kuivumilia. Ila tofauti ikikua hadi 52, mambo yanageuka. Rafu haina kitu. Mfumo unaona 52, yaani juu ya 51, kwa hiyo hauagizi. Kwa kuwa hakuna cha kuuza, hakuna mauzo yatakayoishusha 52. Kwa hiyo namba haitashuka na oda haitatoka, wiki hii wala mwezi ujao. Kosa limejifungia ndani na kubaki na ufunguo.

Watafiti wamepata namna ya kulibishia hodi. Kama bidhaa huuzwa wastani wa 2 kwa siku, uwezekano wa siku 3 kupita bila kuuzwa hata moja, kwa bahati tu, ni kama 1 kati ya 400. Kwa hiyo siku ya tatu ya ukimya programu isiseme mauzo yamepoa. Iseme: nenda ukaangalie. Mfumo wa namna hii unakubali kwamba namba yake ni dhana, na kila siku isiyo na mauzo dhana hiyo inapungua nguvu. Kwa maoni yangu huu ndio uvumbuzi wenye akili kuliko yote katika fani hii, na hauhitaji kifaa chochote kipya.

Meseji za Lindi, Ulanga na Kigoma

Mfano ninaoupenda kuliko wowote wa Marekani ulitokea Tanzania, kati ya 2009 na 2010, na haukuhitaji kompyuta hata moja katika zahanati zilizohusika. Mradi uliitwa SMS for Life. Ulihusisha Wizara ya Afya, ushirika wa kimataifa wa Roll Back Malaria na kampuni za Novartis, Vodafone na IBM, katika wilaya tatu: Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini, zenye vituo vya afya 129. Tatizo lilikuwa la kawaida na la kuua. Dawa mseto ya malaria inakwisha zahanati moja, huku nyingine iliyo upande wa pili wa wilaya ina maboksi yanayokaribia kuisha muda, na mganga mkuu wa wilaya hajui lolote kwa sababu taarifa inakuja kwa karatasi, kwa miezi.

Kila wiki mfumo ulituma meseji kwenye simu ya mkononi ya mhudumu: hesabu dawa. Bidhaa zilikuwa tano tu, vifurushi vinne vya dawa mseto kulingana na umri na uzito wa mgonjwa, na kwinini ya sindano. Alijibu kwa meseji ya bure, na akiwahi alipata muda wa maongezi. Basi. Majibu yalionekana kwenye tovuti, na wakubwa wa wilaya waliona nani hana na nani anazo.

Katika wiki 21 za majaribio, vituo vilijibu kwa wastani wa asilimia 95. Wakaguzi walipokwenda kuhesabu wenyewe, waliona hesabu za meseji zilikuwa sahihi kwa asilimia 94. Wiki ya kwanza asilimia 78 ya vituo vilikosa angalau aina moja ya dawa hizo. Wiki ya 21 ni asilimia 26. Lindi Vijijini upungufu ulikuwa umetoweka kufikia wiki ya nane. Mfumo haukutabiri wala kuagiza chochote. Uliuliza swali moja linalojibika, ukaliuliza mara kwa mara, ukamlipa kidogo aliyejibu. Linganisha na fomu ndefu zinazodai safu kumi za namba kutoka kwa muuguzi mmoja mwenye wagonjwa 60 barazani, halafu tunashangaa namba zikiwa za kubuni.

Mifumo mikubwa ilifuata. Tanzania sasa ina eLMIS, mfumo wa kielektroniki wa taarifa na maombi ya dawa unaounganisha vituo na Bohari ya Dawa. Humo kuna mtego mmoja wa kihesabu unaostahili kutajwa. Zahanati imetoa dozi 300 katika robo ya mwaka. Ukigawa kwa miezi mitatu, ni 100 kwa mwezi, na utaipelekea 100. Lakini je, dawa ilikuwapo siku zote 90? Kama ilikwisha siku ya 45, zile 300 zilitoka katika mwezi mmoja na nusu, na hitaji halisi ni 200 kwa mwezi. Programu isiyouliza siku za kukosa dawa itaipelekea nusu ya mahitaji, dawa itakwisha mapema tena, matumizi yataonekana madogo tena, na robo inayofuata itapelekewa kidogo tena.

Damu ya Muhanga

Rwanda walichukua njia tofauti. Kuanzia Oktoba 2016 kampuni ya Zipline imekuwa ikirusha damu kwa droni kutoka kituo cha Muhanga kwenda hospitali. Picha za droni zimezunguka dunia, na wengi wamebaki na habari ya kasi. Mimi navutiwa zaidi na kilichotokea kwenye majokofu. Chembe sahani za damu hudumu siku 5 hadi 7 tu. Hospitali tisa zikihifadhi kila moja akiba ya chupa 6 za kundi adimu, zote pamoja zinashikilia 54, na nyingi zitamwagwa. Dharura haziji siku moja kwa hospitali zote tisa. Moja ikizidiwa, nyingine imetulia. Kwa hiyo akiba ikikaa pamoja haihitaji kuzidishwa kwa 9. Inatosha kuzidishwa kwa kipeuo cha pili cha 9, yaani 3: chupa 18 zinatoa usalama uleule. Masharti ni mawili, mahitaji ya hospitali yasitegemeane, na damu ifike haraka inapoitwa. Droni ilileta sharti la pili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Lancet Global Health ulikuta damu inayoharibika kwa kuisha muda katika vituo vilivyohudumiwa na droni ilipungua kwa asilimia 67.

Ghala lisilo na mpangilio

Roboti ndizo watu huziulizia kwanza, nami nimezichelewesha makusudi. Mick Mountz alifanya kazi Webvan, kampuni ya kuuza vyakula kwa intaneti iliyofilisika mwaka 2001, akaona gharama ya kumtembeza mfanyakazi ghalani kutafuta kitu kimoja kimoja. Mwaka 2003 alianzisha Kiva Systems juu ya wazo la kugeuza mambo: mtu asimame, rafu ndiyo imfuate. Roboti fupi inaingia chini ya rafu, inaiinua, inaifikisha kwa mtu, ikiongozwa na vibandiko vya misimbo vilivyobandikwa sakafuni. Amazon iliinunua kampuni hiyo mwaka 2012 kwa dola milioni 775, na katikati ya 2025 ilitangaza kufikisha roboti milioni moja.

Ajabu ya maghala hayo haipo kwenye roboti, ipo rafuni. Kitabu cha mapishi kimekaa na waya wa simu, mswaki na mwanasesere. Bidhaa mpya huwekwa popote penye nafasi, na programu inakumbuka. Hilo linaokoa nafasi kwa sababu hakuna eneo linalobaki wazi likiisubiri bidhaa yake, na linapunguza makosa ya kuokota, maana vitu viwili vinavyofanana huwa havikai jirani. Ila katika stoo ya kawaida, kumbukumbu ikifutika, mtunza stoo bado anajua mafuta hukaa kona ile. Humu, kisichokuwa kwenye kumbukumbu kimepotea kabisa, hata kama kipo mita mbili kutoka ulipo. Ndiyo maana maghala hayo, pamoja na mitambo yote, yana watu ambao kazi yao ni kufungua kisanduku kimoja baada ya kingine na kuhesabu.

Kariakoo, ambako nafasi ni ghali kuliko mikono, roboti hizo zitasubiri sana. Vibandiko vyenye chipu ya redio, vinavyosomeka bila kuonekana, viko karibu zaidi, na kwa nguo hufanya kazi vizuri sana. Kwenye maji na metali husumbua, kwa kuwa maji hunyonya mawimbi ya redio na metali huyarudisha. Katoni ya soda za kopo ina vyote viwili.

Upungufu ni wa nani?

Mahali maghala mawili yanapotofautiana, lazima moja liaminiwe. Uingereza waliamua kuiamini kompyuta. Programu ya Horizon, iliyotengenezwa na Fujitsu, ilianza kutunza hesabu za vituo vya Posta mwaka 1999, na mara nyingi ilionyesha upungufu ambao haukuwapo. Waendeshaji wa vituo waliambiwa walipe kutoka mfukoni. Zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa ushahidi wa mfumo huo hadi 2015. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2019 kwamba programu ilikuwa na hitilafu zilizoweza kuzaa upungufu huo, na Mei 2024 Bunge likapitisha sheria maalumu ya kufuta hukumu hizo kwa mkupuo.

Mtunza stoo wa kwetu aliyekatwa mshahara kwa katoni mbili ambazo hazikuwahi kushushwa kwenye lori hana Bunge la kumsemea. Kinachoweza kumlinda ni mpangilio wa kazi: anayepokea asiwe ndiye anayehesabu, anayehesabu asiwe ndiye anayesahihisha mfumo, na kila sahihisho liandikwe sababu yake. Baada ya miezi michache sababu hizo zenyewe zinageuka data. Ikionekana nusu ya tofauti zinatoka kwa msambazaji mmoja, au kwenye bidhaa za ladha mbalimbali za bei moja, umeshajua pa kwenda.

Na kuhesabu hakuhitaji kufunga duka kila Desemba. Chukua stoo yenye bidhaa 1,200. Zile 120 zinazobeba fedha nyingi zihesabiwe kila mwezi, 300 za kati kila robo mwaka, 780 zilizobaki mara moja kwa mwaka. Hizo ni hesabu 3,420. Kwa siku 300 za kazi ni 11 au 12 kila siku, kazi ya mtu mmoja kabla mlango haujafunguliwa. Programu ikiwa na akili kidogo, itachagua bidhaa wakati mfumo unaona zimebaki chache, kwani kuhesabu 3 ni rahisi kuliko 300 na kosa linaonekana hapohapo.

Jambo moja tu linaharibu zoezi lote. Mtu akiona kwenye skrini kwamba zinatakiwa ziwe 47, ataona 47. Atahesabu 45, atajishuku, atarudia, atapata 47. Si mwongo, macho yetu ndivyo yalivyo. Programu nyingi za simu zinazouzwa kwa maduka madogo huweka namba ya mfumo pembeni kabisa ya kisanduku cha kujazia hesabu. Kabla ya kulipia, mwulize muuzaji kama namba hiyo inaweza kufichwa.